Fundo la Pindo la Kanga

Mama yangu hakuwahi kuwa na mkoba wa pesa. Pesa zake zilikaa katika pindo la kanga, zimefungwa fundo moja dogo lililokazwa barabara. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi pale Ngamiani, Tanga, na kila alipomaliza biashara aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akafungua fundo, akazihesabu noti na sarafu mapajani, akatenga za mchele, za mafuta na za mkaa, kisha akazifunga zilizobaki. Sisi watoto tulijua kwamba ukitaka hela ya daftari ni lazima umsubiri alifungue mwenyewe. Na kulifungua halikuwa jambo dogo. Alilivuta kwa kucha, akalilegeza kwa meno, na muda wote huo alikuwa anakutazama usoni. Mara nyingi, kabla fundo halijaachia, nilikuwa nimekwisha kusema, "Basi mama, daftari la zamani bado lina kurasa."

Nimelikumbuka fundo hilo mara nyingi katika miaka niliyoishi Ujerumani nikifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta. Nataka kueleza kwa nini, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Nilifika Hamburg mwaka 2011. Mji huo una bandari kubwa kando ya mto Elbe, na mtu aliyezaliwa Tanga hachelewi kuzoea honi za meli. Baridi ndiyo iliyonishinda. Nilipata kazi katika kampuni moja inayotengeneza programu za malipo, zile ambazo benki na maduka huzitumia kutoa fedha katika akaunti moja na kuziingiza katika nyingine. Ndugu zangu waliponiuliza nafanya nini huko niliwajibu kwa mkato, "Nashughulika na hela za watu." Jibu hilo liliwatosha, na mimi pia lilinitosha kwa muda mrefu.

Neno hela lenyewe limesafiri safari ya ajabu. Wakati wa utawala wa Wajerumani katika nchi yetu fedha iliyotumika ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 watawala wakabadili hesabu: rupia moja ikawa na Heller 100, na rupia 15 zikawekwa sawa na mark 20 za kwao. Utawala ule uliondolewa na Vita Kuu ya Kwanza, lakini midomo yetu ilikuwa imekwisha kuinasa Heller ikaifanya hela, na hadi leo tunaitafuta usiku na mchana. Huko Hamburg hakuna anayelipa kwa Heller. Nilipowasimulia wafanyakazi wenzangu kwamba neno letu la kila siku la fedha limetoka kwao, walistaajabu. Mimi nimeifuata hela huko ilikotoka, nikakuta wenyewe wameiacha zamani.

Kazi ya programu za fedha inamfundisha mtu kuiheshimu senti. Siku za mwanzo niliandika hesabu ya malipo kama mwanafunzi yeyote angeiandika, kwa namba zenye desimali. Mama mmoja mtu mzima, Mjerumani aliyekuwa na meza jirani na yangu, alikuja akasimama nyuma yangu na kuniambia niiagize kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2. Nikafanya hivyo. Jibu lililotokea halikuwa 0.3 bali 0.30000000000000004. Kompyuta haikuwa mbovu. Ndani yake kuna tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kwa lugha hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja kwa desimali: tunaandika 0.333 mpaka karatasi inakwisha. Kompyuta hukata mahali fulani, na kile kilichokatwa, kikijumlishwa mara milioni, huwa fedha ya mtu. Kwa sababu hiyo waandishi wa programu za fedha hawahesabu euro na sehemu zake. Huhesabu senti nzima nzima. Euro 12 na senti 50 kwetu ni senti 1,250, wala hakuna nukta inayoweza kuteleza.

Mama yule alikuwa amefanya kazi wakati wa mabadiliko ya sarafu, pale euro ilipoanza katika mabenki tarehe 1 Januari 1999 na noti zake zilipoingia mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002. Alinieleza kwamba euro moja iliwekwa kuwa mark 1.95583, na sheria ya Umoja wa Ulaya ilikataza kuipunguza namba hiyo hata tarakimu moja. Tena alinionyesha jambo lililonichekesha. Chukua pfennig moja, yaani sehemu ya mia ya mark, uigeuze kuwa euro: unapata nusu senti na kidogo, na kwa kanuni ya kukadiria inakuwa senti moja. Sasa irudishe kuwa mark: inakuwa pfennig mbili. Pesa imezaa kwa kuvuka mto na kurudi! Ilibidi programu zote zilindwe ili mtu mwerevu asije akavuka na kurudi mara milioni. Nilimwuliza, "Na wale wa Tanganyika mwaka 1904, pesa moja ilipokuwa sawa na Heller moja na nusu na kidogo, kile kidogo alikichukua nani?" Akafikiri kisha akasema, "Yule aliyejua kuhesabu."

Hata namba ya akaunti ina ulinzi wake. Kwa Ujerumani ni herufi na tarakimu 22, na tarakimu mbili za mwanzo baada ya herufi za nchi ni za ukaguzi. Kompyuta huzihamisha herufi nne za mbele hadi nyuma, hugeuza herufi kuwa namba, kisha huligawa lile jinamba lote kwa 97. Baki lisipokuwa moja, namba imekosewa, na malipo hayaondoki. Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu hiyo itakukamata bila shaka. Niliipenda sana kazi hii. Nilijiona ni mtu mwangalifu, kwa maana kila siku nilikuwa nikilinda senti za watu nisiowajua. Sikujiuliza ni nani anayelinda zangu.

Mshahara wangu, kwa kipimo cha nyumbani, ulikuwa mali. Lakini mshahara wa Ujerumani una majina mawili: ule ulioandikwa katika mkataba na ule unaofika benki. Kati yake hupita kodi ya mapato, bima ya afya, bima ya ukosefu wa kazi, bima ya kutunzwa ukiwa mgonjwa au mzee, na mchango wa mafao ya uzeeni, ambao ni asilimia 18.6 ya mshahara na mwajiri hulipa nusu yake. Kwangu mimi, mtu asiye na mke wala mtoto, katika kila euro 100 kama 40 hivi zilikatwa kabla sijaziona. Sikulalamika. Niliugua mapafu mwaka wa pili, nikalazwa siku sita, na wakati wa kutoka hakuna aliyeniomba chochote ila mchango mdogo wa kitanda wa kila siku. Makato yale nilikuwa nayajua, yaliandikwa mstari kwa mstari katika karatasi ya mshahara, na nilikuwa nimekwisha kuona yanakokwenda.

Yaliyoniangusha ni yale mengine. Ujerumani mtu huipa kampuni ruhusa ya kuchukua fedha katika akaunti yake yenyewe, kila mwezi, bila kubisha hodi. Kodi ya nyumba, umeme, simu, vyote huenda hivyo, na ni jambo zuri, kwa sababu hakuna foleni wala faini ya kuchelewa. Nilianza kwa hivyo vinne au vitano vya lazima. Kisha nikajiunga na ukumbi wa mazoezi karibu na kituo cha treni, kwa kuwa baridi ilininenepesha. Nikajiandikisha kupata filamu, kisha muziki, kisha gazeti. Nikaikatia simu yangu bima, na simu ilipovunjika nikanunua nyingine, bima ya ile iliyokufa ikaendelea kuishi. Nikakodi mtambo wa kuhifadhia programu niliyotaka kuitunga jioni, programu ya kuwasaidia kina mama wa upatu kuweka kumbukumbu zao. Nilifanya kazi hiyo jioni tatu nikaiacha. Mtambo nikaulipia miaka mitatu. Kila kimoja kilikuwa kidogo. Euro 9 na senti 99 ni nini kwa mtu mwenye kazi?

Hapa sina budi kuungama jambo. Mwaka 2016 kampuni yetu ilipewa kazi ya kuboresha malipo ya duka moja la mtandao. Mnunuzi alikuwa akipita kurasa nne: anachagua kitu, anaandika anwani, anachagua namna ya kulipa, kisha ukurasa wa mwisho unamwonyesha jumla yote na kumwuliza kama kweli ataka. Wenye duka walikuwa wamegundua kwamba wanunuzi wengi huondoka katika ukurasa wa mwisho. Tulikaa mkutanoni, tukachora ubaoni, na tukakubaliana kuiweka jumla pembeni kwa maandishi madogo, na swali tukaliondoa, tukaacha kitufe kimoja kama sheria inavyotaka. Kuacha ununuzi, kwa maneno ya kazini, kuliitwa hasara. Mimi ndiye niliyeandika sehemu hiyo ya programu. Wenye duka walifurahi, nasi tukaletewa keki. Sikumkumbuka mama siku ile. Sikufahamu kwamba ukurasa niliouondoa ndio uliokuwa fundo la kanga la watu wale, kwamba wale waliokuwa wakiondoka walikuwa wametazamwa usoni kidogo, wakasema moyoni, "Basi, la zamani bado lina kurasa."

Mwaka 2018, mwezi wa Machi, dada yangu mdogo alinipigia simu usiku. Baada ya salamu alinyamaza, nami nikajua kuna neno.

"Kaka, ni mama," akasema. "Jicho la kulia haoni nalo kabisa sasa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa siku moja na kesho yake mtu anarudi nyumbani. Lakini wataalamu wanakuja wiki ijayo tu, kisha wanaondoka."

"Inatakiwa ngapi?"

Akanitajia. Pamoja na nauli, dawa, na mahali pa kulala yeye na mama, kwa hesabu ya siku zile haikuzidi euro 400. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mkubwa, "Hiyo si kitu. Kesho asubuhi itakuwa kwenye simu yako."

Nilikata simu nikafungua akaunti. Ilikuwa tarehe 19, na mshahara ulikuwa uingie tarehe 30. Akaunti ilisomeka kutoa 612. Benki za huko humruhusu mwenye mshahara kushuka chini ya sifuri hadi kiwango fulani, kisha humtoza riba kubwa kwa kila siku anayokaa huko chini. Nilikuwa nimezoea kukaa huko. Kila mwezi mshahara uliingia, ukanipandisha juu ya maji kwa wiki mbili, kisha nikazama tena taratibu, wala sikulazimika kugusa noti hata moja wala kumtazama mtu usoni. Kiwango changu kilikuwa kimebaki euro 88. Nilikaa juu ya kitanda nikizitazama zile tarakimu, mimi niliyejua kuilinda sehemu ya elfu ya senti ya mtu wa Lisbon.

Ningeweza kumkopa mfanyakazi mwenzangu. Niliona haya, na haya hiyo nayo ilikuwa ya kipumbavu. Siku mbili nilizunguka nayo. Siku ya tatu nilimpigia dada kumwambia nimechelewa kidogo, benki ina matatizo. Ndiyo, nilisema hivyo, benki ina matatizo.

"Usihangaike, kaka," akanijibu. "Mama ameshalipa."

"Amelipa kwa nini?"

"Amezungumza na kijumbe wa upatu. Zamu yake ilikuwa mwezi wa Juni, wakambadilishia na mama mwingine. Na nyingine alikuwa nazo mwenyewe."

"Nazo wapi?"

Dada akacheka. "Kwani hujui? Pale pale."

Jioni mama mwenyewe alitaka kuongea nami. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Aliniuliza kuhusu baridi, kuhusu chakula, kama nina mchumba. La pesa hakuligusa hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "mimi sikumtuma mdogo wako akuombe. Nilimtuma akuarifu. Kama huna, sema sina. Sina si matusi." Nikasema, "Ninazo mama, ila zimekaa vibaya." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi zikalishe vizuri."

Usiku ule sikulala. Nilichapa taarifa ya akaunti ya miezi kumi na miwili, ikawa karatasi thelathini na moja, nikazitandaza sakafuni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa na daftari linalojiandika lenyewe kila siku, ambalo sikuwahi kulisoma. Nilichukua kalamu nyekundu nikapigia mstari kila kilichochukuliwa bila mimi kukumbuka kukiagiza mwezi ule. Yalikuwa makato kumi na moja. Ukumbi wa mazoezi, ambao sikuukanyaga tangu Oktoba, euro 24.90. Gazeti, 19.99. Mtambo wa programu ya upatu, 18.00. Laini ya pili ya simu, 14.99. Kamera niliyoinunua kwa malipo ya kila mwezi na kuipigia picha za sherehe moja, 62.00. Bima ya simu iliyokufa, 6.50. Na mengine. Jumla ilikuwa euro 187 na senti 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni euro 2,246 na senti 40. Macho ya mama, yote mawili, yangefanyiwa kazi hiyo mara mbili na chenji ingebaki. Tuna methali mbili zinazokaa nyumba moja: haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Mama aliishi katika ya kwanza. Mimi nilikuwa gogo la ile ya pili.

Lililoniuma zaidi halikuwa kiasi chenyewe. Nilipoyatazama yale makato kwa jicho la fundi, niliitambua kazi ya mkono. Kujiunga na ule ukumbi wa mazoezi kulinichukua dakika mbili kwa simu ya mkononi. Kutoka kulihitaji barua yenye sahihi, iliyotumwa kwa posta miezi mitatu kabla ya mwaka wa mkataba kwisha. Ukichelewa siku moja umejifunga mwaka mwingine. Hakuna aliyekosea hapo. Mtu fulani alikaa mkutanoni, akachora ubaoni, akaamua mlango wa kuingilia uwe mpana na wa kutokea uwe tundu la sindano. Labda naye aliletewa keki.

Tangu wakati huo sheria zimejaribu kurekebisha mambo. Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Machi 2022, mikataba mipya ya namna hiyo hairuhusiwi tena kujirefusha mwaka mzima kimyakimya. Muda wa kwanza ukishapita, mtu anaweza kutoka kwa taarifa ya mwezi mmoja. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 anayemsajili mteja mtandaoni lazima amwekee pia kitufe cha kujitoa, kinachoonekana waziwazi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, nikacheka pia, kwamba bunge zima limekaa kutunga sheria ya kitufe. Lakini upande mwingine mwendo umezidi. Tangu Januari 2025 benki za nchi za euro zinatakiwa kupokea malipo ya papo kwa papo, na tangu Oktoba mwaka huo kuyatuma pia, na fedha lazima ifike katika sekunde kumi, mchana au usiku, hata Jumapili maduka yakiwa yamefungwa. Sheria hiyohiyo imeleta ukaguzi wa jina la mpokeaji kabla ya kutuma, na hilo ni jema. Hata hivyo sekunde kumi hazitoshi kulegeza fundo kwa meno.

Ndugu msomaji, usidhani nataka turudi kwenye rupia na pesa 64. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na faida yake ninaijua. Zamani aliyekuwa Ulaya alimpa msafiri bahasha, akakaa mwezi mzima akiomba Mungu ifike. Leo ninapotuma fedha Hamburg, dada anaisikia simu yake ikilia Tanga kabla sijavua miwani. Ada bado ni kubwa katika njia nyingi. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 isizidi asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa. Ninachosema ni kwamba wepesi una upande wake. Jambo la kujiuliza kila mara ni wepesi huo ni wa nani. Malipo ya kodi ya nyumba yakijiendea yenyewe, wepesi ni wangu. Bima ya simu iliyovunjika ikijiendea yenyewe, wepesi ni wa mwingine na mzigo ni wangu.

Nilifanya mambo matatu. Kwanza, nilikwenda kwa mama yule wa meza ya jirani, nikamweleza yote bila kuficha, nikamkopa euro 600 ili niondoke katika ile riba. Alinipa bila swali, ila alitaka tuandikiane karatasi. Nilizilipa kwa miezi minne, na kila mwezi nilimpa noti mkononi, kwa ombi langu mwenyewe, nami nilizihisi zikiondoka. Pili, nilifungua akaunti nyingine. Mshahara huingia katika ya kwanza, na humo hukatwa yale ya lazima tu. Siku hiyohiyo mshahara unapoingia, kiasi cha mama na kiasi cha akiba huondoka kwanza kwenda katika ile ya pili, ambayo hakuna kampuni yoyote duniani niliyoipa ruhusa ya kuigusa. Hiyo ndiyo niliyoiita pindo.

La tatu ndilo wenzangu hulicheka. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wakati Hamburg yote imefunga maduka na barabara ni kimya, mimi huchapa taarifa ya akaunti na kuisoma kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, jina na kiasi, jina na kiasi. Chochote ninachoona haya kukitamka hukifuta siku ileile. Mwanzoni ilinichukua saa nzima. Siku hizi ni dakika kumi, na mambo mengine niliyoyafuta nimeyarudisha, kwa kuwa kumbe muziki ninaupenda kweli. Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Mwaka juzi nilinunua baiskeli ya bei isiyosemeka. Lakini niliinunua dukani, nikikabiliana na muuzaji, na nilikuwa nimekwisha kuisoma bei yake kwa sauti.

Kazini nako nilijaribu. Mwaka 2019 tulipopewa duka jingine, nilisimama mkutanoni nikasema ule ukurasa wa mwisho ubaki, na jumla iandikwe kubwa katikati. Nilieleza kwamba mtu anayeacha ununuzi pengine hajapotea, pengine amefikiri tu. Wengine waliinama, mmoja akatazama saa. Nilishindwa. Mara ya pili, na duka jingine, nilifaulu kwa sehemu: jumla ilibaki kubwa, na katika malipo ya kila mwezi tukaongeza barua ya kumkumbusha mteja siku saba kabla ya kukatwa. Huo ndio ushindi wangu wote katika miaka yote hii, barua ya siku saba. Naitaja kwa sababu mtu akiungama kosa ni vizuri aseme pia amelipa kiasi gani, hata kama deni halijaisha.

Jicho la mama lilifanikiwa. Mwaka 2019 nilikwenda Tanga, la pili nalo likafanyiwa kazi, na safari hii nililipa mimi. Tulipotoka hospitali alisimama mlangoni akatazama barabara muda mrefu, kisha akaniambia nimezeeka. Vitumbua alikuwa amemwachia dada. Simu anayo, na fedha ninazomtumia huingia humo. Namba yake ya siri anaijua yeye peke yake, hata dada hamwambii. Lakini kila zikiingia humtuma mjukuu kwa wakala kuzitoa, wakala naye huchukua ada yake, na noti huishia mahali pake pa siku zote.

Nilimwambia, "Mama, zikikaa kwenye simu ni salama zaidi. Tena kila ukizitoa unakatwa."

Akaniambia, "Najua. Ada hiyo nalipa ili nizione."

Nilitaka kumweleza zaidi, mimi mtaalamu, kisha nikakumbuka zile karatasi thelathini na moja sakafuni, nikanyamaza. Jioni ile mjukuu wake alikuja kuomba hela ya daftari. Mama akalivuta pindo la kanga, akaanza kulilegeza fundo kwa kucha, na kwa macho yake mapya akamtazama mtoto usoni. Mtoto alisimama na kusubiri. Yeye daftari lake kweli lilikuwa limejaa, na alipewa.